Nokoa na Pishi Yake: Bayana ya Amana ya Wasimamizi wa Kazi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Mola aliyewakadiria waja wake riziki zao, akawafanya wengine kuwa sababu ya riziki ya wengine. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa Utume aliwachungia watu wa Makka mbuzi na kondoo wao kwa ujira, akaijua kazi ya kuajiriwa. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika kazi za watu hapana mtu aliye baina ya haki mbili kama msimamizi. Shambani huitwa nokoa, bandarini huitwa serangi, katika ujenzi na barabara huitwa mnyapara, na katika maofisi na mahoteli ya zamani hizi amepewa majina mengine yenye fahari zaidi. Walakini kazi yake ni ile ile moja. Juu yake yuko tajiri mwenye mali, ambaye aghlabu hayupo. Chini yake wako vibarua, ambao aghlabu hawaioni hesabu iliyoandikwa kwa majina yao. Tajiri huona kwa jicho la msimamizi, na kibarua hulipwa kwa mkono wake. Basi akitaka kumdhulumu huyu aweza, na akitaka kumdhulumu yule aweza, na akitaka kuwadhulumu wote wawili kwa siku moja aweza pia, wala asijulikane illa na Mola wake.

Watu wengi wakiisikia hadithi ya Ibn Umar, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amemfanya kila mtu kuwa ni mchunga mwenye kuulizwa juu ya alichokichunga, hudhani kwamba imekusudiwa masultani na makadhi. Na lau wangeisikiliza hata mwisho wangekuta kwamba mtumishi naye ametajwa ndani yake, kuwa ni mchunga wa mali ya bwana wake. Basi nokoa ameingia katika hadithi hiyo kwa milango miwili: ni mtumishi katika mali ya mwingine, na ni mkubwa juu ya watu aliowekewa.

Na katika Kurani Tukufu zimetajwa sifa za mtu afaaye kazi kama hii. Binti wa yule mzee wa Madyana, alipompendekeza Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake, alitaja nguvu na uaminifu. Na Nabii Yusuf (A.S.), alipotaka awekwe juu ya maghala ya Misri, alitaja uhifadhi na ujuzi. Akitazama mtu sifa hizi ataona kwamba uaminifu peke yake hautoshi. Mtu mwema asiyejua kuhesabu huibiwa mali ya tajiri wake akisali sunna. Na mtu hodari asiye na amana huiba mwenyewe. Tajiri amwekaye shemeji yake juu ya watu mia, hali akijua kuwa hajui kazi wala haogopi haramu, amekwisha kukosa kabla ya huyo shemeji hajakosa.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na mashamba yetu ni kile cha Abdullahi bin Rawaha (R.A.), alichokipokea Imamu Malik katika Muwatta. Khaybar ilipofunguliwa, mwaka wa 7 wa Hijra (628), Mayahudi wa huko waliachiwa mitende waihudumie kwa kugawana matunda na Waislamu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtuma Abdullahi akadirie tende zingali mitini, ijulikane fungu la kila upande. Watu wa Khaybar wakakusanya mapambo ya wake zao wakamletea, ili awapunguzie katika makadirio. Akakataa. Akawaambia wazi kwamba hana mapenzi nao, na kwamba kukosa mapenzi hakutamfanya awapunje. Ama hicho walichomletea ni rushwa, na rushwa ni haramu isiyolika. Na alikuwa akikwisha kukadiria huwapa hiari: wakitaka wachukue wao kwa makadirio yale, na wasipotaka atachukua yeye kwa makadirio yale yale. Wale watu wakakiri kwamba kwa uadilifu namna hii ndipo mbingu na ardhi zinaposimama.

Na azingatiwe huyu sahaba. Alikuwa na upande wake: yeye ni Mwislamu, naye ni mjumbe wa wenye nchi. Na wale walio mbele yake hawakuwa watu wake wala hakuwapenda. Kwa hayo yote hakuona ruhusa ya kuzidisha hata pishi moja kwa faida ya wale waliomtuma. Wako wasimamizi leo wanaodhani kwamba kumpunja kibarua ni kumtumikia tajiri vizuri, na wakasifiwa kwa hilo. Abdullahi bin Rawaha alitumwa na aliye bora kuliko matajiri wote, wala hakumtumikia hivyo.

Tukija Unguja na Pemba, mchumaji karafuu toka zamani amelipwa kwa pishi, nayo pishi ni vibaba vinne. Hupanda mkarafuu asubuhi, akashuka na pakacha lake, akazichambua karafuu na vikonyo, ndipo akapimiwa. Hapo ndipo mtihani wa nokoa ulipo. Akipokea kwa mchumaji huijaza pishi mpaka ikawa na kilele juu yake, akaitikisa, akaongeza tena, kisha akaandika moja. Mchumaji akinena huambiwa ndiyo desturi ya shamba hili. Na jioni, akimhesabia tajiri, pishi ile ile hukatwa sawasawa na mdomo wake, na ule uliokuwa kilele ukawa mali isiyo na mwenyewe. Nayo mali isiyo na mwenyewe katika ghala ya nokoa haikai siku tatu ila imekwisha kupata mwenyewe. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kwa jina la wapunjaji, ya 83 katika msahafu, akawaeleza kwamba wakipokea hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Basi nokoa mwenye pishi mbili katika chombo kimoja na ajitazame humo. Na leo karafuu zikipimwa kwa mizani na kilo, mambo ni yale yale. Mizani nayo huwa na kidole.

Katika fikihi ya Imamu Shafi (R.A.) ijara haisihi mpaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Amwambiaye mtu, "Panda, tutaonana jioni," hakufunga ijara sahihi. Na akiisha kufanya kazi, hukumu yake ni kulipwa ujira wa mfano, yaani ule wanaolipwa watu kama yeye kwa kazi kama ile mahali pale, ijapokuwa ni zaidi ya alichotaka kutoa nokoa. Basi wajibu wa kwanza wa msimamizi ni kunena kabla ya kazi: pishi kiasi gani, inajazwa vipi, kwa fedha ngapi, italipwa lini. Maneno haya huchukua muda wa kunywa fundo la kahawa, na kwa kuachwa kwake watu huonana kwa kadhi. Hata sheria za serikali zimelifuata jambo hili. Ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kwa jumla, amwandikie mfanyakazi kazi yake na ujira wake. Wanazuoni walikwisha kulisema kabla ya serikali hizo kuwako.

Ama kuchelewesha, Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Hureira, Mwenyezi Mungu amejifanya mwenyewe kuwa khasimu wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akatimiziwa kazi, asimpe haki yake. Na hapa pana mas'ala wengi hawaijui. Tajiri akimpa nokoa fedha za vibarua wote, kisha nokoa akazila au akazichelewesha, dhima ya tajiri haijaondoka. Nokoa ni wakili wa tajiri. Kibarua hakumwakilisha kumpokelea. Deni limebaki kwa tajiri mpaka kila mtu apokee chake, naye tajiri ana haki ya kumdai nokoa wake. Haitoshi kwake kusema, "Mimi nilitoa." Na kwa sababu hii ni juu ya tajiri mwenye akili, mara kwa mara, ahudhurie mwenyewe siku ya malipo, au awaulize vibarua mmoja mmoja, nokoa hayupo.

Vitabu vya siku namna hiyo vimekuwa na hila zake tangu zamani. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, siku za Waingereza, kibarua alipewa kipande cha siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyokatiwa iliandikwa humo, isipoandikwa haikuhesabiwa. Mtu akavunjika mgongo toka alfajiri, na kalamu ya mwingine ikaifuta siku yake kama kwamba jua halikuchomoza. Kalamu ile haina tofauti na pishi ya kilele.

Kisha liko jambo la kilemba. Mtu atafuta kazi, na msimamizi ndiye aitaye watu mlangoni, akanyosha kidole kwa huyu na yule. Basi ili kidole kimwelekee, hapana budi mkono wa kibarua utangulie. Zamani ikaitwa kilemba, ikaitwa bakshishi, na siku hizi ikaitwa chai. Na kila jina ni tamu kuliko lile la kisheria. Wengine hujitetea kwamba huo ni ujira wao wa kumtafutia mtu kazi. Jawabu ni kwamba dalali aliye mbali, asiye mtumishi wa tajiri, akihangaika kumtafutia mtu kazi kwa ujira waliopatana mbele, hana lawama. Lakini msimamizi amekwisha kulipwa na tajiri kwa kazi hiyo hiyo ya kuchagua watu. Amtozapo kibarua, amemuuzia kitu kisicho chake. Na zaidi ya hayo amemkhini tajiri, kwani atachagua mwenye kutoa, amwache mwenye kufaa.

Na asiseme, "Sikuomba, amenipa kwa moyo wake." Mtume (S.A.W.) alimpeleka mtu katika Al-Azd, ajulikanaye kwa Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka za Bani Sulaim. Aliporejea akazigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyu hakuketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, akatazama kama zawadi zile zitamfuata huko. Wamepokea Bukhari na Muslim. Kipimo hiki ni chepesi, kila serangi aweza kujipima nacho: kuku yule na bahasha ile, je, vilimjua mlango wake kabla hajawa serangi?

Khiyana nyingine, isiyotajwa sana kwa kuwa imevaa nguo za biashara, ni ya msimamizi aliye na duka. Hununulia shamba la tajiri magunia na kamba kutoka duka lake mwenyewe kwa bei aipendayo, au hujiuzia mazao ya tajiri. Wanazuoni wetu wamekata kwamba wakili hauzi kujiuzia nafsi yake, wala kumuuzia mtoto wake mdogo, ijapokuwa kwa bei ya sokoni. Kwani mtu mmoja hawezi kuwa mwenye kutaka rahisi na mwenye kutaka ghali kwa wakati mmoja. Na mkono wa wakili ni mkono wa amana: kikiharibika kitu bila ya kutaadi kwake wala kupuuza, halipi. Lakini akitaadi au akipuuza, hulipa. Basi nokoa aliyeacha karafuu zimeanikwa mvua ikanyesha naye amelala, asiseme ni kadari. Kadari haikumzuia kuanua. Na avumiliaye jamaa zake wakaandikwa kazini nao wako baharini wanavua, huyo ametoa sadaka kwa mali isiyo yake.

Ama sala, wasimamizi wengi hata walio Waislamu hawaijui hukumu yake, na hupata dhambi wakidhani wanalinda haki ya tajiri. Mwenye kuajiriwa kwa muda ujulikanao, kama kutwa au mwezi, wakati wa tohara na wa sala za faradhi umetolewa ndani ya muda huo kwa hukumu ya sheria, wala haukatwi katika ujira wake hata kidogo. Imamu Nawawi na walio kabla yake wamelitaja hilo, na Ijumaa ni katika hizo. Basi mnyapara amkatiaye mtu robo siku kwa sababu ya sala ya adhuhuri amekata kisicho chake wala cha tajiri. Na kibarua naye asiifanye rakaa nne kuwa ni saa nzima chini ya mwembe. Hiyo sala haikumtuma alale.

Na sasa litajwe jambo linalohusu roho za watu. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi yakatikayo upesi, na ukilowa huteleza. Kila msimu watu huanguka: mwingine akavunjika mguu, mwingine asiinuke tena. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kisomwacho katika madarasa ya pwani hii, imo katika mlango wa jinai mas'ala kama kwamba iliandikiwa Pemba. Mtu akimlazimisha mwenziwe kupanda mti, akateleza akafa, hukumu yake ni mauaji yanayofanana na ya kusudi. Na iko kauli nyingine kwamba ni ya kusudi hasa. Yeye Imamu alikuwa mtu wa Sham, amekufa mwaka wa 676 wa Hijra (1277), wala hakuuona mkarafuu. Walakini aliwajua watu.

Hukumu hii ni ya mwenye kulazimisha, wala haimpati kila aliyeajiri mpandaji aliyepanda kwa hiari yake. Kulazimisha nako kuna masharti yake vitabuni, na kadhi ndiye wa kuyapima. Lakini na aogope nokoa amwambiaye mchumaji, mvua imetoka kunyesha sasa hivi, kwamba asipopanda atafukuzwa na ujira wa siku zake tatu umepotea. Ujira ule umekwisha kuwa mali ya mchumaji. Nokoa amezuia mali ya mtu ili ampandishe juu ya mti. Hata akinusurika na hukumu ya kadhi, atakwenda na jambo hili mahali ambapo nia hazifichiki. Wajibu wake ni kuutazama mti kabla ya mtu kupanda, kujua tawi bovu, kungoja ukauke, kumkataza mtoto na mzee na aliyeshinda hajala. Na akianguka mtu, kumbeba hospitali ni kabla ya kuzoa karafuu zilizomwagika. Jambo la mwisho hili lisingestahili kuandikwa, lau kama watu hawaendi kinyume chake. Mfano wa haya ni kwa serangi na mzigo uliofungwa kamba kuukuu, na kwa mnyapara na jukwaa la fundi lililolegea.

Jina la nokoa lenyewe ni la zamani za utumwa. Katika mashamba ya Unguja na Pemba palikuwa na msimamizi, na chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Na hao wawili aghlabu walikuwa watumwa wenyewe, wamewekwa juu ya wenzi wao. Hukumu ya utumwa ikaondolewa huko mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Fimbo ikaanguka mkononi, lakini ulimi wa baadhi ya wasimamizi ukabaki mtumwani. Humwita mtu mzima mwenye mvi "wee", humtukania mama yake mbele ya wanawe, na hudhani kwamba bila ya hayo kazi haiendi. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, akashuhudia kwamba hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini ameacha lile. Na nyumba ile kazi yake ilikwenda. Naye Abu Masud al-Badri (R.A.), alipokuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi, alisikia sauti nyuma yake, akageuka, akamwona Mtume, akiambiwa kwamba Mungu ana uwezo juu yake kuliko uwezo wake juu ya kijana yule. Akamwacha huru pale pale. Haya yalikuwa kwa mtumwa, aliye milki kwa sheria ya wakati ule. Basi itakuwaje kwa mtu huru aliyeuza kutwa moja tu ya nguvu zake, wala hakuuza heshima yake?

Na ambaye ameyasoma haya akakuta amekwisha kuyatenda, na ajue kwamba kusema "astaghfirullah" mara mia hakurudishi pishi moja. Toba katika haki za waja haikamiliki ila kwa kuirudisha haki kwa mwenyewe, au kusamehewa naye kwa radhi. Aliyepunjwa akiwa hai, apewe chake, si lazima kwa kutangaza. Aweza kutia katika ujira wake wa wiki hii au kumpelekea kwa mkono mwingine. Akiwa amekufa, ni cha warithi wake. Wakiwa wachumaji wa msimu, waliokuja kwa jahazi wakarudi kwao bila ya kujulikana majina yao, awatafute kadiri ya uwezo wake. Na akikata tamaa kabisa ya kuwapata, mali ile itolewe katika maslaha ya Waislamu au wapewe mafakiri, kama alivyoeleza Imamu Ghazali, wala yeye asibaki nayo. Na asiyejua idadi, kwa kuwa vilele vya pishi havikuandikwa daftarini, akadirie kwa dhana iliyo kubwa moyoni mwake, azidishe hata atulie. Na aanze na wale walio karibu, ambao majina yao anayajua, na milango yao anaipita kila jioni akienda msikitini kusali magharibi.

Wa billahi ttaufiq.